Mhalifu Nimeshamjua, Mbona Bado Nasoma?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nipo Tanga. Napenda sana riwaya za upelelezi, ila si zile za bastola na majasusi. Napenda zinazochekesha, ambazo mpelelezi ni mtu kama jirani yangu, mwenye vituko vyake. Kuna vitabu nimevirudia mara nyingi na mhalifu nimeshamjua. Kaka yangu ananiuliza: kama mwisho unaujua, unasoma nini tena? Tena anasema kuchekea maiti ni utoto. Nashindwa kumjibu. Vitabu hivi vina nini hasa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hoja ya kaka yako naichukulia kwa uzito, maana wenye majina makubwa waliitoa kabla yake. Mshairi W. H. Auden alizipenda riwaya za upelelezi hata akasema kwake ni uraibu, sawa na tumbaku au pombe. Lakini katika insha yake ya mwaka 1948 aliandika kwamba akimaliza kitabu cha aina hiyo hukisahau, wala hana hamu ya kukirudia, na akianza kimoja akagundua kuwa alikwisha kukisoma, hawezi kuendelea. Kwa riwaya ambayo ni fumbo tupu, yeye na kaka yako wana haki. Ukishajua nani alitia sumu, na kwenye glasi ipi, shughuli imekwisha.

Vitabu unavyovipenda wewe havikujengwa hivyo. Ndani yake fumbo limeshonwa pamoja na mtu anayelifumbua, kiasi kwamba kesi ile asingeiweza mtu mwingine yeyote, na kile kinachomwezesha kuiweza ndicho kinachotuchekesha. Hilo ndilo jibu langu kwa ufupi. Naomba unipe nafasi nilieleze kwa mifano, na nitafichua baadhi ya miisho, kwa kuwa swali lako lenyewe ni la mtu anayeujua mwisho.

Mfano wa kwanza ni padri mfupi, uso wa mviringo, mwavuli haumkai mkononi. Mwaka 1910 Mwingereza G. K. Chesterton alichapisha hadithi fupi ya kwanza ya Padri Brown. Valentin, mkuu wa polisi kutoka Paris, yuko London akimsaka mwizi mashuhuri aitwaye Flambeau, na hana pa kuanzia. Anaingia mkahawani, anatia sukari kwenye kahawa, kumbe ni chumvi: mtu amebadilisha vyombo. Mhudumu anamsimulia kwamba asubuhi walikuja mapadri wawili, na mmoja wao, yule mfupi, kabla ya kutoka alichukua kikombe cha supu akaimwagia ukutani. Mbele kidogo kuna duka la matunda: bei ya machungwa imewekwa kwenye karanga na bei ya karanga kwenye machungwa, na tufaha zimemwagwa barabarani. Mbele zaidi kuna mgahawa ambao mapadri hao walilipa pesa nyingi kuliko walizodaiwa, na yule mfupi akasema zilizozidi ni za dirisha. Dirisha gani? Akasema, lile nitakalolivunja sasa hivi. Akalivunja kwa mwavuli.

Msomaji anacheka, na anamwona padri yule kama punguani. Mwishoni tunaelewa kwamba Padri Brown alikwisha kumshuku mwenzake kuwa ni mwizi aliyejivika kanzu ya upadri, naye ndiye Flambeau, na vituko alivyovifanya njiani vilikuwa ama mtego wa kumjaribu Flambeau, ama alama ya kuwaachia polisi wamfuate. Ondoa vichekesho kwenye hadithi hiyo uone kitakachobaki. Hakibaki kitu, kwa sababu vichekesho ndivyo nyayo.

Watu wengi hudhani kwamba katika riwaya za aina hii mwandishi ana kesi upande mmoja, halafu upande wa pili ana utani, akaunyunyizia juu ili msomaji asichoke. Miswada niliyoihariri ambayo iliandikwa kwa fikra hiyo ilikuwa mibaya karibu yote. Wahusika wote wana ulimi mwepesi, polisi ni wajinga, kila mtu anatoa mzaha hata mbele ya mwili ambao haujapoa. Unacheka ukurasa wa kwanza, ukurasa wa kumi umechoka. Waandishi hawa hawakuona kwamba kichekesho na kidokezo vina umbo moja. Anayesimulia kichekesho huliweka jambo mbele ya macho yako, akakufanya uangalie pembeni, kisha akaligeuza. Mwandishi wa upelelezi hufanya vivyo hivyo na ushahidi. Lazima akuoneshe, maana akikuficha kabisa amekudhulumu. Na lazima usiutilie maanani. Basi pa kuuweka pazuri zaidi ni ndani ya jambo linalokuchekesha. Mtu akicheka huona ameshapata alichoandaliwa, hatafuti tena kitu kingine chini yake.

Agatha Christie aliitumia mbinu hiyo tangu riwaya yake ya kwanza, *The Mysterious Affair at Styles*, ya mwaka 1920. Hercule Poirot ni Mbelgiji aliyekimbia vita, ana kichwa kama yai na masharubu anayoyatunza kuliko kitu kingine chochote, na hawezi kuvumilia kitu kilichokaa upande. Akipita mahali, anasawazisha. Rafiki yake Kapteni Hastings, ambaye ndiye msimulizi, humwona kichekesho, nasi tunamwona hivyo pamoja naye. Sasa kesi imekwama. Poirot ameketi anajenga nyumba za karata ili atulize akili. Hastings anamsifu mkono wake ulivyotulia, na kwa kupita tu anasema kwamba mara moja tu aliwahi kuuona ukitetemeka: siku ile Poirot alipokasirika katika chumba cha marehemu, huku akisawazisha mapambo yaliyo juu ya meko. Poirot anaruka na kutoka mbio kama mwehu. Kwa nini? Kwa sababu mapambo yale alikwisha kuyasawazisha mapema asubuhi ile. Kama baadaye yalihitaji kusawazishwa tena, basi katikati kuna mkono mwingine uliyagusa, na aliyeyagusa alikuwa anaficha kitu.

Mpelelezi asiye na ugonjwa ule wa unadhifu angepita kwenye rafu ile asione chochote. Tumecheka kurasa nyingi, kumbe tulikuwa tunaoneshwa chombo chake cha kazi. Christie alifanya hivyo tena na Bi Marple, yule bibi wa kijiji cha St. Mary Mead ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1930. Anafuma sufu na kusikiliza umbea. Wanamcheka kwa kila mara kusema kwamba mtuhumiwa fulani anamkumbusha mtu fulani wa pale kijijini. Umbea huo ndio elimu yake. Anajua mume mwongo anavyokuwa na mtumishi aliyeiba anavyokuwa, kwa sababu amewaangalia watu wale wale kwa miaka mingi akiwa dirishani kwake.

Nadhani mfano utakaokugusa zaidi, kwa kazi yako, uko Botswana. Alexander McCall Smith alizaliwa Bulawayo mwaka 1948, akawa mwalimu wa sheria, na kwa muda alifundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Mwaka 1998 alitoa *The No. 1 Ladies' Detective Agency*, riwaya ya Mma Precious Ramotswe, mwanamke mnene wa Gaborone aliyeuza ng'ombe alioachiwa na baba yake akafungua ofisi ya upelelezi chini ya kilima cha Kgale. Mali yote ya ofisi inatajwa mwanzoni kabisa mwa kitabu: gari dogo jeupe, meza mbili, viti viwili, simu, taipureta kuukuu, birika la chai, na vikombe vitatu, kimoja chake, kimoja cha karani wake, cha tatu cha mteja. Baada ya hapo mwandishi anauliza, mpelelezi anahitaji nini zaidi?

Orodha hiyo inachekesha, lakini itazame vizuri. Kikombe cha tatu ni cha mteja. Njia yote ya upelelezi ya mwanamke huyu imo mle. Hana maabara wala silaha ya kujivunia. Anamketisha mtu, anamtilia chai, anamwacha aseme. Karani wake, Mma Makutsi, alipata asilimia 97 chuoni kwa makarani na hakubali mtu yeyote alisahau jambo hilo. Tunamcheka kwa kulirudia, na tunamheshimu kwa sababu nyuma ya asilimia zile kuna umaskini na njaa ya kutambuliwa. Fundi magari anayempenda Mma Ramotswe huitwa kwa jina lake kamili, Bwana J.L.B. Matekoni, hata na mchumba wake. Hayo ni mambo madogo, lakini kitabu baada ya kitabu unayangoja kama unavyongoja salamu ya mtu wa nyumbani.

Kesi ya kwanza katika riwaya hiyo ni hii. Binti mmoja anayejitegemea, mwenye kazi nzuri benki, amejiwa na mzee anayedai kuwa ni baba yake aliyepotea zamani. Binti amemkaribisha kwa furaha. Mzee amekaa, anakula, anahudumiwa, hafanyi lolote, na polepole binti anaingiwa na shaka. Mma Ramotswe anaazima sare ya uuguzi kwa rafiki yake, anakwenda kwa yule mzee, anamwambia kwa haraka kwamba binti amepata ajali mbaya na inahitajika damu ya baba mzazi. Tena damu nyingi mno, huenda baba mwenyewe akafa katika kuitoa, lakini mtoto atapona. Wewe muuguzi unajua hospitali haiendi hivyo, na ndiyo sababu utacheka kuliko msomaji mwingine. Mzee anaanza kubabaika. Kisha anakiri: baba halisi alikufa, yeye alikuwa rafiki tu, aliona nafasi akaikamata.

Angalia kilichotokea hapo. Hakuna alama za vidole wala hati. Upelelezi wote umesimama juu ya kitu kimoja ambacho Mma Ramotswe anakijua kuhusu binadamu: mzazi hatauliza ni lita ngapi. Msomaji wa kwetu anaitambua hukumu ya namna hii mara moja, kwa kuwa amelelewa nayo. Ni ya ukoo wa Abunuwasi. Tajiri anamshitaki maskini kwa kula chakula chake kikavu huku akinusa harufu ya nyama ya tajiri. Abunuwasi anaangusha sarafu chini zilie, anamwambia tajiri, umeshalipwa, harufu kwa sauti. Tulicheka tukiwa watoto, lakini pale pale tulikuwa tumeona haki ikitendeka, na tumemwona mwenye nguvu akishikwa kwa akili. Kwa hiyo kaka yako akisema kwamba ucheshi na upelelezi havikai pamoja, mwambie kwamba kwetu havikuwahi kukaa mbali.

Vilikaa pamoja hata riwaya ya Kiswahili ya upelelezi ilipozaliwa. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar aliyeishi kati ya 1918 na 1991, alishinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la 1957–58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau. Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka 1960 kwa jina la *Mzimu wa Watu wa Kale*, na humo akatokea Bwana Msa, kiko mdomoni. Wahakiki wameshasema sana kwamba Abdulla alijifunza kwa Sherlock Holmes, na ni kweli, mpelelezi mwenye kiko na rafiki wa kumshangaa hakutoka hewani. Mimi naona tumelisema jambo hilo kupita kiasi, tukasahau alichokiongeza. Holmes anafikiri peke yake, wengine wananyamaza. Bwana Msa anafikiri huku watu wanaongea, wanataniana, wanabishana, wanapigana methali. Mazungumzo yake ni ya barazani. Watu wanapokuwa tayari kulitupia zimwi au mzimu lawama ya kifo, yeye anawacheka taratibu na kuuliza maswali ya kawaida kabisa: nani alikuwa wapi, nani anarithi, nani alimchukia nani.

Tazama pia majina aliyovipa baadhi ya vitabu vyake vilivyofuata: *Duniani Kuna Watu* mwaka 1973, *Mke Mmoja Waume Watatu* mwaka 1975, *Mwana wa Yungi Hulewa* mwaka 1976, na mwaka 1984, *Kosa la Bwana Msa*. Ukiwekewa majina hayo bila kuambiwa chochote, usingedhani ni vitabu vya mauaji. Ni majina ya mtu anayewaangalia watu na kustaajabia mambo yao, na la mwisho linataja kosa la shujaa mwenyewe hadharani, juu ya jalada. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mwandishi anaweza kumpa msomaji wake.

Miaka ya sabini na themanini walikuja mashujaa wa aina nyingine, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wenye mbio, silaha na njama za kimataifa. Nimewasoma kwa furaha na sitaki wapunguziwe sifa. Ila raha yao ni nyingine. Kwao unauliza, ataponaje? Kwa Bwana Msa unauliza, atasemaje? Swali la kwanza lina jibu moja, ukilipata limekwisha. La pili halina mwisho, kwa kuwa sauti ya mtu haimaliziki kwa kusikika mara moja.

Na hapo tumefika kwenye kurudia kusoma. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi, zikiwemo za upelelezi, wengine wakiwa wameambiwa mwisho wake kabla ya kusoma. Kwa wastani waliofichuliwa mwisho walizifurahia hadithi zaidi kidogo kuliko wasiofichuliwa. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote na matokeo hayo, kwa hiyo usimpigie kaka yako kelele nayo. Lakini yanalingana na unachokiona wewe. Ukiwa hujui mwisho, nusu ya akili yako inakimbia mbele kumtafuta mhalifu. Ukiujua, akili hiyo inarudi kukaa na watu. Unamwona Poirot akisawazisha mapambo na unajua anafanya nini, yeye mwenyewe bado hajajua. Kicheko cha mara ya pili kinakuwa na elimu ndani yake.

Ushahidi mwingine ni namna wasomaji wanavyoomboleza. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji walikasirika na kulalamika hadi miaka kadhaa baadaye akamrudisha. Christie alipomaliza maisha ya Poirot, gazeti la New York Times la tarehe 6 Agosti 1975 lilichapisha taarifa ya kifo chake katika ukurasa wa kwanza, mtu ambaye hakuwahi kuishi. Hakuna aliyewahi kuliombolezea fumbo. Watu waliomboleza vituko, sauti, masharubu, namna fulani ya kuingia chumbani. Auden mwenyewe, katika insha ile ile, aliwatoa wapelelezi wachache na kuwasifu kuwa wamekamilika, Holmes na Padri Brown wakiwamo. Hata yeye, aliyesema husahau hadithi, watu hakuwasahau.

Sasa kuhusu kuchekea maiti. Hapa kaka yako ameshika jambo la kweli, ila amelishika kwa upande usio wake. Upo ucheshi unaomchekea marehemu, na mimi siupendi kabisa. Kuna vitabu ambavyo mtu anauawa ukurasa wa tano na hakuna anayemlilia hadi mwisho wa kitabu. Mwili ni kiti tu cha mpelelezi kukalia. Hiyo naiona dharau, hata kiwe kinachekesha namna gani. Waandishi wazuri wa aina hii wana kanuni ambayo sijaiona imeandikwa popote lakini wanaishika: tunacheka walio hai, na marehemu ana mtu wa kumlilia.

Turudi Botswana. Mke mmoja anamwendea Mma Ramotswe: mumewe aliokoka, akaenda mtoni kubatizwa, hakurudi. Mke anashuku kuna mwanamke mwingine. Mma Ramotswe anatafakari mto ule, anaazima mbwa, anangoja usiku, na mamba anapokuja anamuua na kumpasua. Tumboni mna saa ya mkononi. Anampelekea mjane. Mjane anahuzunika, kisha anasema walau sasa anajua mumewe yuko kwa Bwana, na hilo ni afadhali kuliko kujua kwamba yuko mikononi mwa mwanamke mwingine. Cheka, maana inachekesha. Lakini ukimaliza kucheka utagundua kwamba umesikia mfiwa akijitafutia neno la kuweza kulala nalo. Wewe uliye wodini umewasikia wafiwa wakisema mambo ya namna hiyo. Hawafanyi mzaha, na anayetabasamu akiwasikiliza hawadharau.

Tena maisha ya Mma Ramotswe yenyewe si mepesi. Baba yake alikwenda migodini Afrika Kusini, akarudi na mapafu yaliyoharibika. Yeye aliolewa na mpiga tarumbeta aliyempiga, na mtoto wake mchanga alifariki. McCall Smith anayaweka hayo katika kitabu kile kile cha vikombe vitatu. Baba anapokaribia kukata roho anamwambia binti auze ng'ombe afungue biashara, bucha labda, au duka la vinywaji. Binti anamwambia atafungua ofisi ya upelelezi. Mzee anatoa macho, anaanza kusema "Lakini... lakini...", na kabla hajamaliza amefariki. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na sijawahi kuisoma bila kucheka na kuumia katika pumzi moja. Anayesema ni utoto ajaribu kuandika sentensi tatu za namna hiyo.

Waingereza wa siku hizi wanaye Richard Osman, ambaye mwaka 2020 alitoa *The Thursday Murder Club*: wazee wanne katika makazi ya wastaafu huko Kent, kila Alhamisi wanakutana kuchambua kesi za mauaji ambazo hazikutatuliwa. Mmoja wao, Joyce, huandika shajara, na katika aya moja anaweza kuruka kutoka kwenye maiti hadi kwenye keki. Inachekesha sana. Chini yake kuna mume anayepoteza kumbukumbu, na rafiki aliyelala kitandani bila fahamu huku mwenzake akija kumsimulia kesi. Wazee wale wanacheka kwa sababu wanajua wamebakiwa na muda kiasi gani. Tena uzee wao ndio unaowafungulia milango: nani atamshuku bibi anayeomba chai?

Hilo la kutoshukiwa ni sababu nyingine ya mvuto wa vitabu hivi, na kwako nadhani ndiyo kubwa. Padri mfupi, mkimbizi mwenye masharubu ya ajabu, bibi anayefuma, mwanamke mnene mwenye gari bovu, wastaafu. Wote ni watu ambao dunia huwapita bila kuwatazama. Mhalifu naye huwapita, na hapo ndipo anaponaswa. Katika riwaya ya jasusi tunamwonea wivu shujaa. Katika hizi, mtu anayedharauliwa anaonesha kwamba muda wote alikuwa anaona, na kicheko tulichomcheka mwanzoni kinatugeukia sisi. Muuguzi anayeingia na kutoka wodini, watu wakizungumza mbele yake kana kwamba hayupo, haihitaji aelezwe utamu wa jambo hilo.

Sasa fanya hivi. Chukua kitabu unachokijua vizuri, usome tena ukiwa na penseli, na weka alama kila mahali ulipocheka. Ukimaliza, rudi kwenye alama zako uangalie ni ngapi zilibeba ushahidi au ziliufunika. Katika kitabu kizuri zitakuwa nyingi. Zikiwa hazipo kabisa, basi ulichosoma ni kesi iliyochanganywa na mizaha, na huenda hutakirudia mara ya tano.

Kaka yako usimpe nadharia hizi zote kwa mpigo. Mpe *Mzimu wa Watu wa Kale*, halafu usimuulize muuaji ni nani. Muulize Bwana Msa ni mtu wa namna gani. Akianza kukuigizia anavyoongea, mpe *Duniani Kuna Watu*.